Mpiganaji Wetu Hupigwa Akiwa Bado Entebbe

Ilibaki sekunde moja. Rio de Janeiro, Agosti 2016, fainali ya taekwondo ya wanaume wa chini ya kilo 80. Mwingereza alikuwa mbele kwa pointi 6 dhidi ya 4 za kijana wa Côte d'Ivoire, na ukumbi mzima ulikuwa umekwisha kumvisha dhahabu. Kijana yule akazunguka kama pia, mguu ukapanda, unyayo ukaigusa kofia ya mwenzake, ubao ukaruka hadi 8 kwa 6. Cheick Sallah Cissé akaipa nchi yake dhahabu ya kwanza ya Olimpiki. Mwingereza akahojiwa na televisheni ya kwao huku machozi yakimtoka.

Huyo Mwingereza anaitwa Lutalo Muhammad, na jina hilo ndilo lililotukosesha utulivu sisi wa Kampala. Lutalo ni jina la Kiganda. Olutalo ni vita. Niliiona video siku ya pili yake, ndani ya teksi ya kwenda Ntinda, watu wanne tukichungulia simu moja yenye kioo kilichopasuka. Jirani yangu akauliza, "Huyu si wetu?" Nikamjibu kwamba huyu kazaliwa London, wetu ni yule aliyemshinda. Hakunielewa, na kondakta alikuwa anadai nauli, basi mazungumzo yakaishia hapo. Miaka imepita, lakini jibu lile bado nalidaiwa.

Nilitaka kusema hivi: kwa nchi kama Uganda, taekwondo ni mojawapo ya njia fupi kabisa za kuifikia medali ya Olimpiki bila kukimbia, na Waafrika wenzetu wameshaipita mara 15. Mmisri Tamer Bayoumi alitangulia kwa shaba ya Athens 2004. Chika Chukwumerije wa Nigeria akafuata Beijing 2008. London 2012 Anthony Obame akachukua fedha, medali ya kwanza ya Olimpiki katika historia ya Gabon. Rio zikaja tano kwa mkupuo, Tokyo nne, Paris tatu, na moja ya hizo za Paris ni dhahabu ya Firas Katoussi wa Tunisia. Niger, nchi ambayo wengi wetu tunaikumbuka kwa jangwa na mapinduzi, ilipata fedha Rio kupitia Abdoulrazak Issoufou, na mwaka uliofuata kijana huyohuyo akawa bingwa wa dunia.

Katika medali hizo 15, ukanda wetu wa Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi haumo kabisa.

Sisi tuna historia yetu ya kupigana, na ni ya heshima. Eridadi Mukwanga na Leo Rwabwogo walileta medali za ndondi kutoka Mexico 1968, Rwabwogo akaongeza nyingine Munich 1972, John Mugabi akaleta fedha kutoka Moscow 1980. Baada ya hapo kimya. Kila medali ya Olimpiki tuliyopata tangu Moscow imeletwa na mkimbiaji: Kamoga, Kiprotich, Cheptegei, Kiplimo, Chemutai. Paris 2024 timu yetu ilikwenda bila bondia hata mmoja. Nchi ya Mugabi, bila bondia! Mimi ningetangaza siku ya maombolezo, ila watu walikuwa wanamtazama Cheptegei akivunja rekodi ya Olimpiki ya mita 10,000, na kwa kweli siwalaumu.

Ukiuliza kwa nini taekwondo haijashika nafasi ile, utapewa jibu la haraka kwamba hatuna vipaji. Jibu hilo hutolewa na mtu ambaye hajaingia kwenye ukumbi wowote wa mazoezi jioni. Watoto wa Kampala wamelelewa na vibanda vya video, ambamo VJ hufasiri sinema ya mateke kwa Kiluganda na kuongeza chumvi yake mwenyewe. Watu wa Wakaliga, mtaa mmoja wa hapa Kampala, wamefika hadi kutengeneza sinema zao wenyewe kwa kompyuta za kuungaunga na damu ya rangi. Hapa mjini mateke yote huitwa karate au kungfu, na hata Moses Golola, ambaye ni mtu wa kickboxing, kuna wanaomwita mwanakarate. Hamu ya kupiga teke haijawahi kutupungukia. Kinachotupungukia kiko mahali pengine, na ili kukiona lazima uujue mchezo wenyewe unavyohesabiwa.

Kwa kanuni zilizotumika Paris 2024, ngumi halali ya kifuani ni pointi 1. Teke la kifuani 2, la kichwani 3. Ukizunguka kabla ya kupiga, teke la kifuani linakuwa 4 na la kichwani 5. Ukianguka, ukishika, ukitoka nje ya mkeka au ukikimbia pambano, unapewa adhabu ambayo waamuzi huiita gam-jeom, na mpinzani anazawadiwa pointi 1. Raundi ni dakika 2, anayeshinda raundi mbili kati ya tatu ndiye mshindi, na pale Paris ukimwacha mwenzako kwa pointi 12 raundi ilikatwa papo hapo.

Utaratibu huu wa raundi ni mpya, nami naupenda kwa sababu ya kibinafsi: unamsaidia mnyonge. Zamani pointi zilijumlishwa mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo kijana asiye na uzoefu akipigwa 12 kwa 0 dakika mbili za mwanzo, dakika zilizobaki ni za kuaga. Sasa raundi ya pili inaanza sufuri kwa sufuri. Anayetetemeka mwanzoni anapata nafasi ya kuacha kutetemeka.

Lakini nani anahesabu hizo pointi? Hapa ndipo mambo yalipogeuka. Enzi za nyuma waamuzi waliketi pembeni wakibonyeza vitufe kwa macho na masikio yao. Teke lenye mlio mkubwa lilipata pointi, na bingwa mwenye jina alipata pointi hata kwa teke la kupapasa. Beijing 2008 aibu ilifika kileleni. Mcuba Angel Matos, baada ya kutolewa pambanoni kwa kuzidisha muda wa matibabu, alimpiga refa teke la uso na kufungiwa maisha. Katika Michezo ileile matokeo ya pambano la Mwingereza Sarah Stevenson na bingwa wa China, Chen Zhong, yaligeuzwa baada ya watu kukiri kwamba teke la kichwani lililoonekana na uwanja mzima halikuandikwa. Mchezo ulikuwa na hatari ya kutupwa nje ya Olimpiki. Dawa iliyopatikana ni umeme: vizibao vyenye vihisio tangu London 2012, kofia zenye vihisio tangu Rio 2016, na marudio ya video kwa atakayelalamika.

Umeme ulileta haki, sikatai. Ila ulileta pia bili. Kizibao hakisikii mlio. Kinasikia soksi maalumu yenye sumaku ikikigusa mahali panapotakiwa, kwa nguvu iliyopangwa kulingana na uzito na jinsia. Teke kubwa linalotua kwa goko halionekani ubaoni. Teke dogo la mguu wa mbele, lililonyooshwa kama mtu anayeusukuma mlango kwa unyayo, linaweza kuandika 2. Ndiyo maana taekwondo ya leo inamchosha mtazamaji wa zamani: watu wawili wamesimama kwa mguu mmoja, mguu wa pili uko hewani, wanapapasana kama majogoo yanayopimana. Watu wa mchezo wenyewe wanalalamika. Lakini ndivyo unavyochezwa, na asiyeucheza hivyo anapigwa.

Waswahili husema mtaji wa maskini ni nguvu zake mwenyewe. Taekwondo ya sasa imeukataa mtaji huo. Kijana wa Kampala aliyejifunza kwa kupiga pedi na godoro ana teke la kumwangusha ng'ombe, lakini siku atakapovaa soksi za sumaku kwa mara ya kwanza katika mashindano ya nje, atapiga mara kumi ubao uandike moja. Si kwamba kaonewa. Mguu wake haujawahi kufundishwa ni sehemu gani ya unyayo inayosikika. Kuna mitambo miwili mikubwa duniani, Daedo ya Uhispania na KPNP ya Korea, na wachezaji wa nchi zenye fedha hufanya mazoezi kwa yote miwili kwa sababu hata hiyo haifanani. Sisi bado vizibao vyetu vingi ni vile vya sponji, na mwamuzi wa mazoezi ni sikio la kocha: "Paa! Hiyo imeingia."

Hiyo ni sehemu ya kwanza ya tatizo, na ndiyo ndogo.

Sehemu kubwa ni tiketi. Katika Olimpiki ya Paris, ndani ya jengo lile la kioo liitwalo Grand Palais, kila uzito ulikuwa na wapiganaji 16 hivi kwa ujumla wake. Uzito ni nane tu: minne ya wanaume, minne ya wanawake. Hebu tuhesabu pamoja. Watu 16 maana yake ni kwamba ukishinda pambano moja uko robo fainali, ukishinda mawili uko nusu fainali. Shaba zinatolewa mbili. Na kuna njia ya kurudi: aliyepigwa na mtu ambaye baadaye anafika fainali hurudishwa mchezoni. Kwa hiyo unaweza kupigwa pambano lako la kwanza asubuhi, ukaketi ukimwombea dua yuleyule aliyekupiga, yeye akafika fainali, wewe ukaitwa tena, ukashinda mara mbili, na jioni ukasimama jukwaani na shaba shingoni. Ni michezo michache ya Olimpiki, kama mieleka, yenye huruma ya namna hiyo kwa mtu asiye na jina.

Ugumu basi ni kuwa mmoja wa hao 16. Wachache wa juu kabisa wanaingia kwa viwango vya dunia. Waliobaki wanapitia mchujo wa bara, na Afrika hupewa tiketi mbili kwa kila uzito, yaani wanaofika fainali ya mchujo. Mchujo wa Rio ulifanyika Agadir, wa Tokyo ulifanyika Rabat, wa Paris ulifanyika Dakar Februari 2024. Tazama ramani: miji yote mitatu iko kwenye bahari ya Atlantiki au jirani yake. Kutoka uwanja wetu wa ndege wa Entebbe ni safari ya kulivuka bara zima, na kwa kawaida unabadilisha ndege mahali fulani ukiwa na njaa na mizani ya kupima uzito inakungoja.

Hata hivyo mchujo huo una mwanya ambao naamini hatujauchungulia vya kutosha. Nchi moja hairuhusiwi kuingiza zaidi ya wanaume wawili na wanawake wawili. Misri inaweza kuwa na mabingwa katika uzito wote nane, lakini mchujoni italeta wanne. Morocco wanne. Tunisia wanne. Côte d'Ivoire wanne. Na kama watu wao wamekwisha kupita kwa viwango vya dunia, wanaweza kupungua zaidi. Wakubwa hawa hawawezi kuijaza kila sahani mezani. Kila mara kuna uzito mmoja au miwili ambao mkubwa mmoja au wawili hawapo, na mshindi wa nusu fainali pale ni mtu wa Olimpiki.

Sasa sisi tunafanya nini? Kawaida yetu katika michezo midogo ni kupeleka aliyeshinda mashindano ya taifa, au aliyefanikiwa kuchangiwa na ndugu, katika uzito wowote ule anaopigania. Hilo ni haki kwa kijana mwenyewe. Kwa mtu anayetafuta tiketi ni kama kucheza bao kwa kusogeza kete iliyo karibu na mkono. Mwenye akili angekaa chini miaka miwili kabla, akaandika ni nani wa Misri, Morocco, Tunisia na Côte d'Ivoire anayepanda viwango katika uzito gani, akakisia ni milango ipi watakayoiacha wazi, kisha akawaandaa watu wawili au watatu kwa milango hiyo tu. Tena angeanza na wanawake. Hii ni rai yangu na nipo tayari kuitetea: nchi nyingi za Afrika huingiza wanaume kwanza na wanawake kama zimebakiwa na nauli, hivyo njia yao ina msongamano mdogo. Mkenya Faith Ogallo alipita hapohapo, katika mchujo wa Rabat, uzito wa juu wa wanawake, akaenda Tokyo. Hakutoka sayari nyingine. Katoka upande wa pili wa mpaka wa Busia.

Kuna mlango wa hisani pia, lakini wetu umefungwa, na waliotufungia ni wakimbiaji wetu bila kujua. Nafasi chache za upendeleo hutengwa kwa nchi zinazopeleka timu ndogo mno, wastani wa wanamichezo wasiozidi 8 katika Olimpiki mbili zilizotangulia. Uganda hupeleka zaidi ya 20. Tumekuwa wakubwa mno kuhurumiwa na wadogo mno kufuzu wenyewe.

Twende kwenye viwango vya dunia, maana hata mchujoni ndivyo vinavyopanga nani akutane na nani mapema. Mashindano ya taekwondo yamepewa madaraja kwa herufi G. Mashindano ya wazi ya daraja la chini ni G1: ukichukua dhahabu unapata pointi 10. Dhahabu ya Olimpiki ni G20, pointi 200. Kati ya hayo mawili kuna ngazi ndefu ya mashindano ya bara, ya dunia na ya Grand Prix. Mtu hupanda kwa kucheza G1 na G2 mara nyingi, leo hapa, mwezi ujao kule. Mmisri au Mtunisia huvuka bahari jioni na kesho yake yuko Ulaya akikusanya pointi. Wa kwetu anahitaji viza, barua ya mwaliko, kadi ya homa ya manjano, leseni ya kimataifa ya mchezaji, na mkanda mweusi uliosajiliwa Kukkiwon, makao makuu ya mchezo jijini Seoul, kwa sababu mkanda uliofungwa na mwalimu wako mtaani hautambuliwi huko hata kama ulimwaga jasho pipa zima. Kisha tiketi ya ndege. Anayekosa safari tatu za G1 anaingia mchujoni akiwa hana kiwango, droo inamtupia bingwa katika pambano la kwanza, anapigwa 2 kwa 0, na magazeti yanaandika aya moja kwamba Mganda ameondolewa mapema. Aliondolewa mapema zaidi ya hapo. Aliondolewa siku viza ilipochelewa.

Nimetaja mkanda, basi niseme neno dogo kuhusu Korea mbili, maana hapa kwetu lina maana yake. Taekwondo ya dunia ina nyumba mbili: shirikisho la ITF lililoanzishwa 1966 na Jenerali Choi Hong Hi, ambalo baadaye lilikuwa na mafungamano na Pyongyang, na shirikisho la Seoul la 1973 ambalo sasa linaitwa World Taekwondo. Olimpiki inaitambua ya pili peke yake. Polisi wa Uganda walikuwa na wakufunzi wa Korea Kaskazini kwa miaka mingi, hadi Mei 2016 Rais Park Geun-hye wa Korea Kusini alipozuru Kampala na serikali yetu ikatangaza kuukata ushirikiano huo wa kijeshi na kipolisi. Siasa hiyo ilizungumzwa sana. Upande wa michezo haukuzungumzwa kabisa, ingawa ungekuwa wakati mzuri wa kumwambia mgeni: mkitaka tuwaache wale, basi tuleteeni mitambo ya pointi na makocha wa kudumu.

Kwa nini hakuna aliyelifikiria? Nadhani ni kwa sababu macho yetu ya michezo yamefungwa kwenye kalenda ya Waingereza. Kampala huhesabu miaka kwa Olimpiki na Michezo ya Jumuiya ya Madola. Katika Madola kuna ndondi, kuna judo, kuna hata mchezo wa kuviringisha mipira nyasini unaochezwa na wazee, lakini taekwondo haimo. Mchezo usiokuwemo Birmingham wala Glasgow haumo kwenye vikao. Michezo ya Afrika inayo taekwondo tangu ilipofanyika hapa jirani, Nairobi 1987, na Accra 2024 ilikuwepo. Michezo ya Mshikamano wa Kiislamu inayo pia. Ilichezwa Konya 2022 na Riyadh 2025, na Uganda ni mwanachama wa Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu tangu 1974. Tuna viti katika majukwaa hayo. Sijui ni wangapi kati ya wasomaji wangu wanaojua hilo.

Tatizo la fedha basi tuliseme bila kupaka mafuta. Nchi hii si kwamba haitoi. Mwenye dhahabu ya Olimpiki ameahidiwa posho ya shilingi milioni 5 kila mwezi, fedha milioni 3, shaba milioni 1, na waliotoka Tokyo na medali walipewa magari. Chanda chema huvikwa pete, sina ugomvi na pete. Ugomvi wangu ni kwamba pete zote zinasubiri kwenye mstari wa kumalizia. Kwa mkimbiaji wa Kapchorwa jambo hilo lina nafuu, kwa sababu mbio zina meneja wa Ulaya anayemlipia tiketi akitegemea asilimia ya zawadi za barabarani. Taekwondo haina zawadi za barabarani. Hakuna meneja Mholanzi atakayekuja Nsambya kutafuta msichana wa kilo 49. Nauli ya mwanzo ikikosekana serikalini, imekosekana, isipokuwa mama auze kitu.

Nikipewa bajeti ndogo, ndogo kweli, ya kiasi cha kumpeleka kigogo mmoja na msafara wake kwenye mkutano wa wiki moja, ningefanya mambo ambayo hayana mbwembwe. Ningenunua seti mbili za mitambo na kuziweka kwenye viwanja vya michezo vya Lugogo, mlango wazi kwa klabu zote kwa zamu, Jumamosi hata Jumapili. Na ningeleta G1 hapahapa Kampala. Hili la pili ndilo watu hulisahau: pointi za viwango hazitoki Ulaya peke yake, zinatoka popote mashindano yalipoidhinishwa. Ukiwa mwenyeji, wapiganaji wako thelathini wanaingia mkekani kwa nauli ya bodaboda. Wakenya watakuja kwa basi, Wanyarwanda kwa basi, Watanzania wa Mwanza kwa basi, na pointi zitabaki katika ukanda. Kigali iliandaa ubingwa mzima wa taekwondo wa Afrika mwaka 2022 katika BK Arena. Sisi tunajenga na kukarabati viwanja kwa ajili ya AFCON 2027 na bado ukumbi wa kutandika mikeka miwili tunausema kama ndoto.

Kitu kingine kimekaa mbele ya macho yetu. Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, wengi kuliko nchi yoyote ya Afrika. Nenda makazi ya wakimbizi ya Nakivale utasikia Kiswahili cha Bukavu na cha Uvira kila kona, na vijana wenye muda mwingi kuliko kazi. Katika kambi ya Mahama huko Rwanda, mkimbizi wa Burundi Parfait Hakizimana, aliyejeruhiwa mkono utotoni kwa vita, alifundisha taekwondo watoto wa kambi, na mwaka 2021 akapigana Tokyo kwa jina la timu ya wakimbizi, taekwondo ilipoingia Paralimpiki kwa mara ya kwanza. Miaka mitatu baadaye Zakia Khudadadi, mzaliwa wa Afghanistan, akaipa timu hiyo medali yake ya kwanza kabisa, katika mchezo huohuo. Taekwondo ya Paralimpiki hasa ni ya wenye ulemavu wa mikono. Vita vya kaskazini mwa Uganda na vya jirani zetu vimetuachia watu wengi wa namna hiyo, raia na wageni. Sijaona mpango wowote wa wazi wa kuwatafuta.

Kuna wanaosema tuachane na haya, tuirudishe ndondi kwanza, na nikiri kwamba hoja hiyo hunisumbua usiku. Ndondi ni urithi, ina klabu, ina mashabiki, ina watu wa kuomba michango. Sitaki ife. Lakini ndondi kwa miaka ya karibuni imekuwa na ugomvi wa vyama vya kimataifa hadi Kamati ya Olimpiki ikaisimamia yenyewe, na nafasi yake Los Angeles 2028 ilithibitishwa Machi 2025 tu. Taekwondo imekuwemo bila kukatika tangu Sydney 2000. Anayelima mashamba mawili hasemi lipi ni la mke mkubwa. Mvua ikikataa upande mmoja atavuna upande mwingine.

Wiki iliyopita nilipita jioni kwenye kambi moja ya polisi hapa mjini, ambako askari mmoja hufundisha watoto wa wenzake baada ya zamu. Ukumbi ni chumba cha mikutano, viti vimesukumwa ukutani, mikeka imeunganishwa kwa gundi ya karatasi. Watoto humwita afande hata wanapomwomba maji. Msichana wa miaka 15 alikuwa akipiga pedi kwa mguu wa mbele tu, kidogokidogo, bila mlio, mara hamsini, kisha mguu wa pili. Nikamuuliza kocha mbona hampigishi yale makubwa ya kuruka. Akasema ameangalia mapambano ya Paris kwenye simu, yote, na hayo makubwa hayasikiki kwenye umeme.

Olimpiki ya Vijana imepangwa Dakar, kuanzia 31 Oktoba 2026, ya kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika, na taekwondo imo. Nikamuuliza msichana kama ana pasipoti. Akamtazama kocha wake.

"Tuanze na ya kwangu," afande akasema. "Imeisha muda tangu mwaka juzi."